Maswali ya wasomaji: “Fundi” anayepiga simu kutoka mbali

Barua za safari hii zimetoka Kondele hadi Bungoma, na karibu zote zinamhusu mtu mmoja mwenye sura nyingi. Mara ni fundi wa Microsoft, mara ni wa benki, mara ni wa kampuni ya simu, lakini ombi lake halibadiliki: umfungulie mashine yako akiwa hukohuko aliko. Tumejibu tano. Majina ya waandishi tumeyaficha kama walivyoomba.

*Nina saiba ndogo ya kompyuta nne. Juzi mteja alikuwa akitafuta mahali pa kutazama mpira bure, ghafla skrini ikawa nyekundu, king'ora kikalia, na sauti ya mwanamke ikawa inasema kwa Kiingereza tusizime mashine la sivyo data itapotea. Chini kulikuwa na nambari ya simu inayoanza na +1 na jina la mji wetu. Wateja walitoka mbio, nami nikachomoa waya wa stima. Je, nimeingiliwa?* (Mama wa saiba, Kondele, Kisumu)

Hujaingiliwa, Mama. Kilichokutisha ni ukurasa wa wavuti kama ukurasa wowote ule, ila umevishwa nguo za Windows. Ukurasa unaweza kujitanua ukajaza skrini nzima, ukacheza sauti, ukaficha mshale wa kipanya na kutoa visanduku vya onyo kimoja baada ya kingine. Hauwezi kwa hayo pekee kusoma faili zako. Na jina la mji si ajabu: kila tovuti unayoitembelea huona anwani yako ya intaneti na kukisia uliko. Mara nyingi hata hukosea, ukiwa Kisumu ikakuandikia Nairobi.

Dalili ya uongo ni ile nambari ya simu. Ujumbe wa hitilafu wa Microsoft hauji na nambari ya kupiga, na kampuni hiyo haikupigii simu wala kukuzimia skrini ili uipigie.

Kuchomoa stima kulikuwa na hatari kuliko ukurasa wenyewe, hasa kwa mashine za mtumba zenye diski kuu za kuzunguka. Diski ikikatwa umeme ikiwa inaandika, faili za Windows huharibika, na hapo ndipo utahitaji fundi wa kweli. Ikirudi tena, bonyeza kitufe cha Esc na ukishikilie sekunde kadhaa. Kivinjari kitatoka kwenye skrini nzima na utaona alama ya kufunga. Kikigoma, bonyeza Ctrl, Alt na Delete pamoja, chagua Task Manager, teua Chrome au Edge kwenye orodha, kisha “End task”. Mshale ukiwa umefichwa, tembea kwa vitufe vya mishale na Tab. Ukifungua kivinjari tena kitakuuliza kama kirudishe kurasa za awali. Kataa, la sivyo utamkaribisha mgeni yuleyule. Na kikizirudisha bila kuuliza, kata intaneti kwanza, fungua kivinjari, funga ukurasa ule, ndipo urudishe intaneti.

Kuna kisa kingine ambacho wenye saiba hukichanganya na hiki. Onyo dogo linachungulia pembeni chini kulia, “Kompyuta yako ina virusi 5”, hata wakati hakuna aliyefungua tovuti yoyote. Hiyo ni arifa, na mteja fulani aliiruhusu alipobonyeza “Allow” ili video ianze. Kwenye Chrome andika chrome://settings/content/notifications katika sehemu ya anwani, futa kila jina usilolijua kwenye orodha ya walioruhusiwa, kisha chagua tovuti zisiruhusiwe kuomba kabisa. Kwa saiba hilo la mwisho ni la lazima. Hakuna mteja wa eCitizen au iTax anayehitaji arifa za kivinjari.

Halafu wape wateja akaunti ya kawaida ya Windows, isiyo ya msimamizi, na nenosiri la msimamizi ubaki nalo wewe. Haitazuia kila kitu, kwa sababu programu nyingine za kuendesha kompyuta kutoka mbali hufanya kazi bila kusakinishwa, lakini itapunguza takataka nyingi.

*Barua pepe yangu ilikataa kufunguka, nikatafuta nambari ya msaada kwenye Google na kupiga ile ya kwanza. Kijana mwenye adabu sana aliniambia niweke AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali), nikamsomea tarakimu zangu za humo. Alisema nastahili kurudishiwa shilingi 3,000 za huduma niliyolipia zamani, nikafungua benki yangu. Skrini ikawa nyeusi kama dakika kumi. Iliporudi, akaunti ilionyesha 30,000 zimeingia. Alianza kulia kwamba ameongeza sufuri na atafutwa kazi, nikamtumia 27,000 kwa M-Pesa. Sasa hashiki simu, na zile 30,000 sizioni. Nianzie wapi?* (Mzee mstaafu, Section 58, Nakuru)

Pole, Mzee wetu. Hakuna aliyekutumia 30,000. Ama alibadilisha maandishi ya ukurasa wa benki kwenye skrini yako, jambo ambalo kivinjari chochote huruhusu kwa kubonyeza F12 na kuandika unachotaka (ukiupakia ukurasa upya, uongo hufutika), ama alihamisha pesa zako mwenyewe kutoka akaunti ya akiba kwenda ile ya matumizi. Ndiyo maana skrini ilitiwa giza. Kwa hiyo ukiomba taarifa ya benki, omba ya akaunti zako zote, si ile moja uliyokuwa ukiitazama.

Hatua zifuatazo zina mpangilio, na wengi huupindua. Hukimbilia kumpelekea fundi mashine ilhali pesa bado zinatoka.

Kata intaneti. Chomoa waya wa mtandao, zima ruta, au kama ulikuwa ukitumia bando la simu, zima hotspot. Kuizima kompyuta pekee hakutoshi, kwa kuwa AnyDesk iliyosakinishwa hujiwasha pamoja na Windows na kumsubiri bwana wake.

Pesa. Tumia simu, usirudi kwenye mashine ile. Lakini kwanza angalia kama alikuwekea AnyDesk kwenye simu pia. Wengi wao huomba hivyo ili waone ujumbe wa benki unapoingia. Ukiiona, iondoe, au azima simu ya mtu wa nyumbani. Piga nambari iliyo nyuma ya kadi yako ya ATM, usitafute nambari mpya mtandaoni, maana huko ndiko ulikotekwa. Waambie wafunge huduma ya benki kwa intaneti, wazuie kadi, na waandike malalamiko juu ya kila muamala usioujua. Omba nambari ya malalamiko hayo na uiandike.

Kwa zile 27,000, sambaza ujumbe mzima wa M-Pesa, kama ulivyo, kwenda 456, kisha piga 100. Kinachoweza kushikwa ni kile tu ambacho mpokeaji hajakitoa, na hawa hutoa kwa wakala dakika chache tu baada ya kupokea. Hata hivyo fanya, kwa sababu malalamiko yaliyosajiliwa ndiyo yatakayomfuata mwenye laini ile. Badilisha pia PIN ya M-Pesa kupitia *334#, na utazame kama Fuliza (mkopo wa M-Pesa) imeguswa.

Maneno ya siri. Anza na barua pepe, kwa kuwa anayeishika barua pepe yako anaweza kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Fanya kazi hii kwenye kifaa kingine. Baada ya kubadilisha, toa vifaa vyote vilivyoingia, hakikisha nambari ya simu ya kurejesha akaunti ni yako, kisha ingia kwenye mipangilio ya Gmail utazame sehemu mbili ambazo watu huzisahau: usambazaji wa barua na vichujio. Mtapeli akiweka hapo kwamba kila barua ya benki itumwe kwake na kwako ifutwe, utabadilisha nenosiri mara kumi naye ataendelea kusoma. Halafu washa uthibitisho wa hatua mbili. Maneno ya siri uliyoyahifadhi ndani ya Chrome yahesabu yote kuwa yameonekana, hasa kama Windows yako haina nenosiri la kuingilia. Dakika kumi za giza zinatosha kuyanakili yote.

Kompyuta yenyewe. Kabla hujafuta AnyDesk, kuna ushahidi wa kuokoa. Intaneti ikiwa bado imekatwa, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %programdata%\AnyDesk, na utafute faili iitwayo connection_trace.txt. Usipoipata, jaribu %appdata%\AnyDesk. Ukiifungua utakuta mistari michache tu. Ule unaoanza na “Incoming” ndio wake: tarehe, saa, na nambari ya AnyDesk ya aliyeingia. Ipige picha kwa simu na uinakili kwenye flashi.

Sasa fungua orodha ya programu na uipange kwa tarehe ya kusakinishwa. Usitafute AnyDesk peke yake. Desturi yao ni kuweka ya pili kimyakimya wakati unaiangalia ya kwanza: TeamViewer, UltraViewer, au ScreenConnect, ambayo hujiandika “ScreenConnect Client” ikifuatwa na mchanganyiko mrefu wa herufi na tarakimu. Ondoa kila kilichoingia siku ile. Tazama na folda ya Downloads, kwa kuwa AnyDesk isiyosakinishwa haionekani kwenye orodha. Kisha fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) na uandike net user. Ukiona jina la mtumiaji ambalo si lako wala si la Windows, alijiachia mlango wa nyuma. Malizia kwa uchunguzi wa “Microsoft Defender Offline”, unaoanzisha kompyuta upya na kuchukua kama dakika 15. Huo hukagua kabla Windows haijaamka kikamilifu, kwa hiyo kilichojificha hakipati nafasi ya kujilinda.

Kwa hali yako lakini, ambapo alikaa gizani dakika kumi, ushauri wetu ni kuifuta mashine na kuweka Windows upya. Nakili hati na picha tu, usinakili programu. Fundi atumie flashi ya angalau GB 8 iliyoandaliwa kwenye kompyuta nyingine kwa zana ya Microsoft yenyewe, si ile Windows “iliyokwisha kuamshwa” inayozunguka kwenye flashi za mafundi wa mjini. Zile programu za kuiamsha Windows bila leseni mara nyingi huja na wageni wake, na utakuwa umemfukuza mwizi kupitia mlango na kumrudisha kupitia dirisha. Ikiwa bado unatumia Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize fundi kama mashine inabeba Windows 11.

Polisi. Nenda kituo kilicho karibu ukaandikishe kisa kwenye OB (daftari la matukio la polisi) na uombe abstract (hati ya polisi inayothibitisha umeripoti), kwa kuwa benki itaidai. Beba msimbo wa muamala wa M-Pesa (ule wa herufi na tarakimu kumi), nambari ya simu uliyopiga, na picha ya connection_trace. Taja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Chini yake, kuingia kwenye kompyuta bila idhini kuna faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Usikubali kuambiwa eti kwa kuwa ulimsomea tarakimu ulimpa ruhusa. Ulimpa ruhusa ya kurekebisha barua pepe.

*Aliyejiita mhandisi alinionyesha kwenye laptopu yangu orodha ndefu ya alama nyekundu, halafu akanisomea kwa simu namba ya siri ya kompyuta yangu, 888DCA60, na kweli ilikuwa hiyohiyo. Mbali na kampuni iliyoitengeneza, nani mwingine angeijua?* (Mwalimu wa sekondari, Kakamega)

Wanafunzi wako wote, Mwalimu. Nenda kwenye maabara ya kompyuta ya shule, fungua Command Prompt kwenye mashine yoyote ya Windows, andika assoc na ubonyeze Enter. Orodha itateremka, na mwishoni kabisa au karibu na hapo utaona .ZFSendToTarget ikifuatwa na 888DCA60-FC0A-11CF-8F0F-00C04FD7D062. Hamia mashine ya pili, ya tatu. Ni ileile. Hicho ni kitambulisho cha kazi moja ndogo ndani ya Windows, kile cha kutuma faili kwenye folda iliyofinywa (zip), wala si nambari ya mashine yako. Ni kama mtu akuambie anakujua kwa kuwa amekisia mkono wako una vidole vitano.

Zile alama nyekundu zinatoka Event Viewer. Ni daftari la Windows, na kompyuta nzima kabisa huandika humo makosa kila siku: huduma iliyochelewa kuamka, printa isiyojibu, intaneti iliyokatika. Fungua kwenye kompyuta mpya kutoka kwenye boksi baada ya wiki moja na utazikuta.

Wana vitendawili vingine vya aina hiyo. Huandika tree, majina ya folda yakawa yanakimbia kwenye skrini, nao wakati huo wanaandika “virus found”, maneno ambayo hutokea mwishoni kana kwamba kompyuta imeyasema yenyewe. Huandika netstat na kukuonyesha “Foreign Address”, wakisema ni wageni wa nchi za nje. Hizo ni anwani za tovuti na huduma ambazo kompyuta yako inawasiliana nazo.

Kama bado shuleni mna mashine za Windows 7, msaada wake uliisha Januari 2020, na zina udhaifu mmoja mahususi. Mtapeli akiudhika kwamba hulipi, huendesha syskey, programu ndogo ya Windows yenyewe, na kuweka nenosiri linaloombwa kabla hata ya kuingia. Kisanduku kinaandika “Startup Password”. Microsoft iliiondoa syskey kwenye Windows 10 toleo 1709 la mwaka 2017. Ikikutokea, usilipe. Diski inaweza kutolewa na hati zikanakiliwa kupitia mashine nyingine, kwa kuwa syskey haifichi faili zako; inafunga mlango wa kuingilia tu.

*Nilitapeliwa mwaka jana nikanyamaza. Sasa mtu amenitafuta WhatsApp, anasema ni mpelelezi wa mtandao, anajua kiasi nilichopoteza hadi shilingi ya mwisho, na kwa 8,000 atazirudisha. Nimpe nusu kwanza?* (Mfanyabiashara, Bungoma)

Usimpe hata mia.

Swali lako lina jibu ndani yake: nani anajua kiasi ulichopoteza, ikiwa ulinyamaza? Ni aliyekichukua, au mtu aliyeuziwa orodha naye. Wanaotapeliwa mara moja huwekwa kwenye orodha, na majina hayo yana bei. Polisi na benki hawaombi ada ya kurudisha pesa. Hifadhi mazungumzo hayo, upeleke polisi pamoja na kesi ya mwaka jana, au uripoti kwa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) kwa nambari ya bure 0800 722 203. Kuchelewa hakukunyimi haki ya kuandikisha.

*Nilipigiwa simu nikaambiwa simu yangu ina virusi, nikabonyeza msimbo nilioamriwa, kitu kama nyota 21 nyota kisha nambari. Baada ya saa moja WhatsApp yangu ilikuwa ikiwaomba marafiki pesa. Sijatoa msimbo wowote kwa mtu. Wamepitia wapi?* (Mwanafunzi, Maseno)

Wamepitia kwenye simu zako zinazoingia, dada. Msimbo ule unaamuru mtandao uzipeleke simu zako zote kwenye nambari iliyofuata nyota ya pili. Kisha mtu akajaribu kufungua WhatsApp kwa nambari yako, akasema ujumbe haujafika, akaomba apigiwe. WhatsApp ikapiga kusoma tarakimu sita, na simu ikalia kwake. Kwako haikulia kabisa, ndiyo maana hukuona chochote.

Bonyeza *#21# ukaone kama uelekezaji bado upo. Kisha bonyeza ##002# na upige; hiyo hufuta uelekezaji wa kila aina, pamoja na ule wa laini ikiwa inatumika au simu ikiwa imezimwa. Baada ya hapo, na si kabla, sajili WhatsApp upya kwa nambari yako. Msimbo utakuja kwako na yeye atatolewa papo hapo. Ukiulizwa PIN ya hatua mbili ambayo hukuiweka, yeye ndiye aliyeiweka. Itabidi usubiri siku saba ndipo uruhusiwe kuingia bila PIN hiyo, ila wakati huo naye atakuwa nje, kwa kuwa akaunti inakubali simu moja kuu. Ukirudi, weka PIN yako mwenyewe hapohapo.

Wapigie simu watu wa nyumbani kabla hata hujaanza haya yote. Shangazi aliyeombwa 2,000 za hospitali hatasubiri siku saba. Nambari iliyokupigia iripoti kwa kampuni yako ya simu. Ukiwa kwenye Safaricom, ujumbe wa kitapeli husambazwa bure kwenda 333, na wao wenyewe wakikuhitaji hupiga kutoka 0722 000 000.